Mgeni Aliyesugua Sakafu Kalenga

Najua mtacheka. Hata mchungaji wetu alicheka mpaka akavua miwani. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe, nikiwa macho, sijaonja hata pombe ya ulanzi, na ushahidi uko kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa letu hapa Kalenga. Njoo uupapase kwa vidole vyako.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoiona ile kalenda sebuleni kwa mchungaji wa wakati ule, zawadi ya usharika rafiki wa Ulaya. Ilikuwa na picha ya mwanamke juu ya barafu, mguu mmoja kaunyoosha nyuma, mikono kaitandaza, anacheka. Mchungaji akanieleza kwamba kwao maji ya ziwa huganda wakati wa baridi, watu wakavaa viatu vyenye visu chini, wakateleza wakicheza. Jamani, nilipenda. Kuanzia siku hiyo, zamu ya usafi ikifika, nilikuwa wa kwanza ukumbini. Mnajua tunavyong'arisha sakafu huku: unapaka dawa nyekundu, unakanyaga vipande vya blanketi kuukuu, unasugua kwa miguu. Wenzangu walisugua. Mimi niliteleza. Nimechapwa kwa ajili hiyo, nimeolewa, nimezaa watoto wanne na bado nateleza. Siku hizi naangalia mashindano kwenye simu huku nachambua maharage.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye mitumba ya Iringa mjini, nikavikuta viatu vyenyewe, vyeupe, na visu vyake chini. Muuzaji aliapa kwamba ni vya kukatia majani ya ng'ombe, wewe unatembea tu na majani yanakatika. Nikavinunua bila kubisha. Vilinikaa kana kwamba nilipimwa. Ila barafu ya kuchezea ningeitoa wapi? Vikaning'inia ukutani hadi Julai iliyopita, mume wangu alipochoka kuviangalia. Akasema magoti yangu yameshaanza kulia, sitavivaa maisha, kwa hiyo Jumamosi atavikata visu tupate vya kukatia kabichi. Nililia jikoni nikasingizia moshi.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya yetu, na wageni wa usharika rafiki walitegemewa mchana. Nikatoka alfajiri, na baridi yetu ya Julai mnaijua. Nikakuta mlango wa ukumbi uko wazi na mama mmoja wa kizungu, mtu mzima sana, yuko peku, anasugua sakafu kwa blanketi. Niliona aibu kweli. Mgeni hajapewa hata chai, tayari tumemtia kazini? Nikadhani labda wageni walifika jana yake jioni. Nikamsalimu kamwene, akaitikia kamwene, sawasawa na mtu wa hapa. Nikainama nimpokonye blanketi, mkono ukagusa mguu wake. Niamini, ulikuwa wa baridi kuliko maji ya mtoni.

Akaniuliza, "Viatu vyangu vinakutosha?"

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nikatazama kule alikopita, nikaona wekundu wa sakafu umefunikwa na kitu kama kioo, na pumzi yangu inatoka moshi. Ilikuwa barafu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilikimbia, ndiyo, ila nilikimbilia nyumbani kufuata viatu. Mume wangu alikuwa uani na msumeno wa chuma, kiatu kimoja mapajani. Nikampokonya, nikakwapua na cha pili, nikarudi mbio.

Nilianguka mara mbili. Yule mama akanishika mikono, akawa anarudi kinyumenyume huku ananivuta, na mimi nikateleza. Nisikilizeni: niliteleza! Visu viliimba chini yangu. Nikazunguka ukumbi mzima, nikacheka mwenyewe, nikanyoosha mguu nyuma kama yule wa kwenye kalenda, na magoti yakanyamaza. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu hilo analijua.

"Sasa ni vyako," akaniambia. "Usivirudishe ukutani."

Hapo nikasikia sauti ya mume wangu mlangoni, ya chini, ya mtu anayeogopa. "Mama Neema, unacheza na nani?"

Jua lilikuwa limeingia dirishani. Mikono niliyoishika haikuwepo. Nilikuwa nimesimama juu ya saruji kavu, katikati ya ukumbi, mguu bado uko hewani.

Wageni walifika mchana kama ilivyopangwa, wote vijana. Mama mtu mzima hakuwemo, wala hakuna aliyetangulia.

Magoti bado yanalia, nisiwadanganye. Lakini kwenye ile sakafu kuna duara jembamba kama unywele, limekatwa ndani ya saruji, na dawa nyekundu haijawahi kulifunika. Mume wangu hanicheki tena. Siku hizi visu ananinolea yeye mwenyewe, na kila alfajiri ya Julai hii ananiwekea viatu mlangoni, kisha anajifanya amelala.

Kwa hiyo nakuonya. Ukimkuta mgeni amekutangulia kusugua sakafu, usimpokonye blanketi. Msalimu vizuri, halafu kimbia nyumbani ukachukue kile ulichokitundika ukutani. Kimbia haraka, kwa sababu jua halimngoji mtu, na ndani ya nyumba yako kuna mtu ameshashika msumeno.