Nondo za Mzee Ghorofa

Baba yangu anaitwa Othmar, lakini ukiulizia jina hilo hapa Mbaha, kijiji chetu cha kando ya ziwa, utazungushwa. Ulizia Mzee Ghorofa, utaletwa mpaka mlangoni. Ghorofa lenyewe halipo. Kuna nyumba ya chini, juu yake slabu ya zege, na juu ya slabu nondo zimesimama wazi zikisubiri vyumba vya juu tangu nikiwa shule ya msingi. Alizisimamisha mwaka ule kahawa ya shamba letu la kijiji cha Ruanda, kule milimani, ilipomkubali. Baada ya hapo kahawa ikamkataa, nondo zikabaki.

Nimemsemesha mpaka mdomo umekauka. Fundi Mansuetus naye humwambia kila masika yanapokaribia: tuzipake uji wa saruji, tuzifunike kwa zege hafifu, siku ukijaliwa unalivunja na kuendelea. Baba hataki kusikia.

"Nikizifunika watasema nimeishiwa. Nondo zikionekana, watu wanajua kazi inaendelea."

Inaendelea wapi? Kinachoendelea ni kutu tu! Mvua inateremka na nondo mpaka ndani ya nguzo, na mwaka huu nguzo ya chumbani kwake ilitoa michirizi ya kahawia, kisha ikapasuka. Kipande cha zege kikadondokea mto wake wa kulalia, yeye akiwa kanisani. Nililia kwa hasira. Aliporudi alikiokota akakitupa nje, akasogeza kitanda.

Nikamwita Mansuetus bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na ule wimbo wako wa kufunika?"

"Leo naangalia kwanza."

Akapanda, akagonga nondo moja kwa nyundo. Kutu ikapukutika magamba kwa magamba, na chuma kilichobaki kilikuwa chembamba kama kalamu.

"Mzee, hizi hazibebi tena ghorofa," alisema akiwa hukohuko juu. "Tuzikate, tuchonge zege lililokufa, tusugue kutu, tuzibe vizuri. Chini patapona. Tukiziacha, na hapo chini utapakosa."

"Basi ziache hivyohivyo," baba akasema. "Nani atajua kama hazibebi?"

"Mimi nitajua, baba! Si ndiyo nyumba tunayolala?"

Nikapanda ngazi, nikachukua msumeno wa chuma mkononi mwa fundi, nikaanza na nondo iliyo juu ya chumba chake. Hakunizuia. Alibeba kigoda chake akaenda kuketi mbele ya nyumba, amenipa mgongo.

Jirani yetu, mama Violet, alikuwa anapandisha kutoka ziwani na beseni la vyombo. Kelele zile zikamsimamisha.

"Shikamoo, Mzee Ghorofa! Kuna nini huko juu?"

"Marahaba," baba alijibu kwa sauti kubwa, macho chini. "Tunaanza ghorofa."

Nondo yangu ilikuwa imebakiza kidogo tu kukatika. Niliishika wima kwa mikono miwili mpaka mama Violet alipopita.