Mlango wa Gari Jeusi

Wakati wa uasi niliona wapiganaji pale Kasenga wakisimamisha gari jeusi la kifahari la mfanyabiashara mmoja, wakitaka kulichukua. Wapenzi wawili wa magari, majirani zake, wakaanza kuliponda kwa maneno ili kumwokoa.

"Iko na sura ya jeneza," alisema wa kwanza.

Wa pili aliufunga mlango, akatega sikio, akakunja uso. "Bati tupu! Kamanda, hii haifiki hata hapo Katogota."

Kamanda aligeuka kuondoka. Mwenye gari akaruka nje.

"Bati? Weye unajua nini? Minye naendesha mpaka Bukavu! Kamanda, funga mwenyewe, usikie!"

Kamanda akafunga, akasikia, akatabasamu, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Nimefundisha watoto miaka mingi. Bado sijakutana na mzazi anayenyamaza mwanawe akiitwa mjinga.