Kichwa cha Kolekole Ndani ya Bakuli la Jirani

Nililikuta juu ya kabati la nyanya, limefudikizwa, vumbi limelilalia kana kwamba halijaguswa tangu liwekwe. Tulikuwa tumemaliza arobaini yake, ndugu zangu wamesharudi makwao, nikabaki mimi huku Jomvu Kuu kufungasha vyombo. Bakuli la bati, jeupe, lenye maua ya buluu na pengo dogo ukingoni. Halikuwa letu. Nilikaa nalo sakafuni, na wallahi nilitamani nisingepanda kiti kulishusha.

Wewe uliyekulia pwani wajua kwamba bakuli la jirani halirudi tupu. Ukiletewa mbaazi za nazi, chombo kikirudi kina mahamri, na kama hamna mahamri basi angalau ndimu mbili. Lile lilikaa kwetu miaka ishirini na ushei. Halikurudi tupu, wala halikurudi limejaa. Nitakueleza kwa nini, na ukitaka kunihukumu, hukumu. Mimi nilishajihukumu zamani.

Babu yangu alikuwa mvuvi wa maji makuu mpaka mguu ulipovunjika ukaungwa vibaya. Baada ya hapo bahari yake ikawa ile tu anayoweza kuitembelea kwa fimbo. Nyuma ya mikoko yetu, katikati ya matope, kulikuwa na fungu la mchanga. Maji yakianza kujaa yaliingia pale taratibu, maangavu, hayafiki gotini, na samaki wakubwa wakaja nayo wakiwafukuza mikizi. Babu alikuwa akiwaona. Sisi wengine tuliona maji yanametameta basi, yeye akanyoosha fimbo na kusema wapo watatu, wa mbele ndiye mkubwa.

Macho hayo ndiyo yaliyomletea mgeni. Alikuwa Mhindi mzee mwenye duka la vyerehani mjini, na kila maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yakiangukia Jumapili alikuja na ufito mwembamba na mshipi wa rangi ya ndimu. Chambo hakuwa nacho. Ndoana yake aliivika manyoya, akayafunga kwa uzi wa hariri kutoka dukani kwake, na pale majini aliupeleka mshipi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayefukuza nzi kwenye sinia, kisha akauachia ukatua pale fimbo ya babu inapoonyesha. Manyoya yenyewe yalitoka kwa jogoo wa nyanya, jogoo mwekundu, mkorofi, na kazi ya kumkamata ilikuwa yangu. Mikono yangu ilijaa alama za kucha zake. Nyanya alinung'unika kwamba jogoo wake atabaki uchi kwa ajili ya samaki asiyeliwa.

Maana hawakuliwa. Mgeni akimpata samaki, alimpima kwa mkono wake, akamshika mkia ndani ya maji mpaka apate nguvu, akamwachia. Jomvu nzima ilicheka. Nyanya hakucheka, alisema kiumbe cha Mungu si mchezo, kama humli usimsumbue. Babu mwanzoni alikuwa upande wake. Lakini siku moja tukirudi alinambia, "Tangu nivunjike, watu hunihurumia mguu. Huyu aja kwa ajili ya macho yangu." Sikuelewa uzito wa maneno hayo. Nilikuwa na miaka tisa na nilichotaka ni kufika nyumbani ninywe chai.

Jumapili moja ya likizo akaingia kolekole, samaki mkubwa kuliko wote tuliowahi kuona pale. Mimi nilikuwa nimebeba chupa ya maji na kikapu, nimesimama pale nilipoambiwa nisimame. Babu alinyoosha fimbo. Nikamwona hata mimi, mgongo mweusi mpana, mikizi wakiruka mbele yake. Manyoya yakatua. Samaki akayameza, na mshipi ukatoka kwenye kigurudumu cha ule ufito kwa mlio ambao mpaka leo nikisikia cherehani ikikimbia hunirudia. Mgeni alikimbia naye majini, akaanguka, akainuka. Mwisho mshipi ukakatika. Samaki akaenda na unyoya mwekundu mdomoni.

Mgeni alikaa pale pale ndani ya maji akicheka, na babu akacheka. Tangu mguu uvunjike sikuwahi kumwona babu akicheka hivyo, mpaka akajishika mbavu.

Njiani babu alinambia samaki yule hakwenda mbali. Makao yake ni pale mkoko ulipoanguka, na bamvua lijalo atakuwa palepale, na mgeni atarudi kwa ajili yake. "Hili ni letu sisi watatu," alisema. "Usimwambie mtu, hata nyanyako." Nikaapa.

Kesho yake nyanya alikwenda Kisauni kwenye matanga. Bakuli la jirani lilikuwa jikoni, limeoshwa. Juzi yake lilikuja na mbaazi. Nyanya alinikataza nisilirudishe mpaka arudi atie kitu. Lakini mimi nilitaka kwenda kucheza na bintiye jirani, na nikaona nikienda na bakuli nitaonekana nina safari ya maana. Nikalichukua tupu.

Jirani alilipokea, akaangalia ndani, akatabasamu. "Mbona leo lanijia na njaa?" Alinitania tu. Alikuwa mwanamke mwema, hata mimi nilijua. Lakini nilihisi uso unawaka, niliona nimeiaibisha nyumba yetu yote, na midomo ikafunguka yenyewe. Nikasema leo lingejaa, lingejaa mpaka limwagike, ila kolekole wa babu alikata mshipi akaenda na unyoya wa jogoo wetu. Mume wa jirani alikuwa barazani akishona nyavu. Hakuinua kichwa. Aliuliza polepole, "Ni pale mkoko ulipoanguka?" Nikasema ndiyo, na bamvua lijalo atakuwepo. Mdomo uliponza kichwa, wazee walisema, na sijui kama walipata kuliona neno hilo likitokea wazi hivi.

Bamvua lilipofika, kabla ya Jumapili, bakuli lilirudi kwetu. Limefunikwa kwa kawa. Nyanya alifunua, na ndani mlikuwa na kichwa cha kolekole, kimejaa bakuli mpaka kilipita ukingo, na mdomoni unyoya mwekundu, umelowa, uzi wa hariri haujafunguka.

Uelewe jambo hili, maana nyanya hakulielewa mpaka anakufa. Mume wa jirani hakutaka ubaya. Kichwa cha samaki mkubwa hupewa mkubwa wa watu. Aliona babu na mgeni wake wameshindwa na samaki, naye amewashindia, akamletea mzee heshima yake. Unyoya aliuacha makusudi, ili babu ajue ndiye yuleyule.

Babu hakukataa. Riziki haikataliwi. Nyanya alikipika kwa nazi na ukwaju, babu akala kipande baada ya kipande. Ule unyoya aliuweka ukingoni mwa sahani. Alipomaliza alinitazama, mara moja tu, kisha akaomba maji ya kunawa.

Nyanya yeye, kwa ule unyoya na uso wa babu, alijua siri ya mzee imevuja, akatoka. Alisimama uani kwa jirani, nami nimejificha nyuma ya leso yake, akauliza nani aliyewaambia. Jirani alinitazama. Akasema, "Mume wangu alimfuata mzee, akaona mwenyewe." Nyanya akajibu kwamba basi ujirani umekwisha leo. Na ukaisha. Nyumba mbili zinazotazamana milango, hawakuamkiana tena.

Mgeni alikuja Jumapili ile, babu akampa unyoya mkononi. Walikwenda funguni wakakuta nyavu zimetandwa kutoka mkoko hadi mkoko, za watu wengine kabisa, maana habari ilikwisha kuenea. Mgeni alikuja mara mbili zaidi, kisha hakuja tena. Babu hakurudi kule. Alikaa ndani, na macho nayo yakaanza kufifia, au labda hayakuwa na kazi. Aliondoka duniani mwaka uliofuata. Hakuniuliza kamwe. Angeniuliza ningekiri, najua ningekiri, nimejiambia hivyo maisha yangu yote.

Juzi nilishuka mpaka funguni. Mikoko imekatwa, maji yana utando wa mafuta, na kelele za malori ya Changamwe zafika mpaka pale. Nilisimama maji yakijaa. Niliyatazama sana, nikijaribu kutazama kama babu. Hapakuwa na mkizi hata mmoja wa kuruka.

Nikarudi nikapika mbaazi za nazi, nikalijaza lile bakuli, nikavuka njia. Jirani ni mkongwe sasa, mjane, amekaa kwenye mkeka. Kwenye matanga ya nyanya alikuja, akaosha masufuria nje siku tatu, hakuingia ndani. Nilipiga shikamoo, nikaweka bakuli mbele yake, nikasema yote. Kwamba ni mimi. Kwamba nilisikia aliponikinga na nikanyamaza, siku ile na siku zote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazimimina mbaazi kwenye sufuria yake, akaliosha bakuli kwa maji ya mtungi, akalipangusa kwa leso, akapitisha kidole pale penye pengo.

"Nalijua utakuja," akasema. "Lakini mwanangu, nalidhani utakuja nyanyako yungali hai."