Namba Tatu kwenye Meli ya Mbao

Meli ile niliipaka rangi mimi. Watu wa sinema walitaka meli ya wakati wa Wajerumani, wakaijenga kwa mbao ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, nyuma ya nyumba ya baba yangu, juu ya mapipa matupu yaliyozibwa. Mimi, mwandika vibao vya maduka, nikaambiwa nichore ubavuni namba za kupimia maji, moja hadi sita. Nilikadiria tu. Nani angezisoma?

Baba alizisoma.

Walipomaliza kazi yao waliiacha palepale, imefungwa kamba. Kisha ziwa likaanza kupanda. Majirani wakahama mmoja mmoja, magodoro kichwani. Baba, mbishi huyo, akakataa kuiacha nyumba aliyojenga na marehemu mama. Akawa anakaa dirishani, anatazama juu ya ukuta wa ua. Ukuta uliuficha ufuko; alichoona ni meli na maji yaliyoizunguka.

"Tatu," aliniambia kila nilipotoka kwangu Musaga kumwona. "Jana tatu, leo tatu. Maji imesimama. Mi siondoki."

Nikaridhika, Mungu anisamehe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia meli ile ni ya uongo, haiwezi kuelea hata dakika moja.

Jumapili moja baada ya misa nikakaa kwenye kiti chake. Tatu, kweli. Lakini bomba la moshi la meli! Zamani, kutoka kiti kile, nililiona lote. Sasa ncha yake ilikuwa imepita juu ya dirisha, haionekani.

"Baba, vaa viatu. Meli inapanda na maji."

"Apana! We mwenyewe ulisema haiwezi."

"Nilisema ujinga, baba! Tutoke!"

Akanicheka. Hapo kitu kikagonga ukuta wa ua, polepole, kama mgeni mwenye adabu. Kikagonga tena. Mara ya tatu ukuta ukalala chini, na ziwa likaingia.

Nilimtoa nimembeba mgongoni, maji kiunoni, huku ananipiga mabegani na kulilia kitanda cha mama. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi na mkono wangu uliochora zile namba.

Sasa anaishi kwangu. Dirisha lake linatazama mlima, ziwa halionekani. Kila asubuhi ananiuliza, "Ngapi leo?"

"Tatu, baba."

"Basi kesho tunarudi," anasema, na anaanza kutafuta viatu vyake.