Nyuzi Nane na Ndoa ya Kijani

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi nane. Ukiuchuna ngozi zinatoka zimesokotana mbilimbili, kila rangi na mwenzake mweupe mwenye mstari. Fundi wa kompyuta niliyekuwa namsumbua kila likizo, pale karibu na stendi ya Ifakara, alinifundisha kuzipanga kwa kuimba, kwa sauti ileile tunayosalia litania kanisani: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

"Hapo katikati umekosea," nilimwambia siku ya kwanza.

"Sijakosea."

"Kijani umemtenganisha na mke wake. Halafu umewaweka buluu wawili katikati yao, kama mashemeji wachonganishi."

"Dunia nzima inabana vichwa vya waya hivyo. Wewe bana. Nani kakuita mshenga?"

Kwa likizo sijui ngapi nilibana hivyo huku roho inaniuma. Mimi kitu kikiwa na sheria ambayo mwenye kuisema hajui sababu yake, mikono inaanza kuniwasha. Shuleni nimeshachapwa kwa kuuliza kwa nini daftari la kemia lazima liwe na jalada la kaki. Mama ananiita kiguu na njia. Nyumbani kwetu Viwanja Sitini kuna viti vinne na sijui kama kuna hata kimoja ambacho nimekikalia hadi kikapata joto.

Likizo ya Juni mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, kaka yangu alikuwa na usaili wa ufadhili wa kusomea maabara. Usaili wenyewe ni wa kwenye kompyuta: wao huko waliko, yeye chumbani kwetu. Mara ya kwanza alitumia mtandao wa simu. Alijitambulisha, akaulizwa swali la kwanza, akafungua mdomo, na picha ikaganda akiwa amefungua mdomo hivyohivyo. Nilicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Aliwaandikia barua ya kuomba radhi, wakamjibu kwamba watampa nafasi moja tena, Alhamisi saa nne asubuhi, awe peke yake kwenye chumba kimya, na akikatika safari hii basi. Nikaacha kucheka.

Mtandao wa uhakika ulikuwepo kwa jirani, hatua themanini na mbili kutoka kwetu. Nilizihesabu. Ni duka la mzee mmoja mtu wa pwani, aliyefunga rauta kwa ajili ya kuzungumza na wajukuu zake wa Tanga kwa picha. Kukaa dukani kwake na kufanya usaili haiwezekani, maana ukuta wa pili ni mashine ya kukoboa mpunga, na mwezi wa sita mashine ile hainyamazi. Ila waya unaweza kutoka kwake mpaka kwetu.

"Shikamoo babu," nilimwambia. "Nina ombi la kiufundi."

"Marahaba, binti. Ombi la kiufundi ndiyo lile la kunipakia gundi kwenye kengele ya baiskeli?"

"Lile lilikuwa la majaribio."

Alikubali kwa sababu ya kaka, alisema hivyo wazi. Kaka ni mtu wa kupiga pasi soksi.

Mama alikuwa kijiji cha Mbingu kwenye mavuno. Alipiga simu Jumanne: "Nasikia unamfungia kaka yako mitambo. Fanya ulivyofundishwa. Usiongeze chumvi yako."

Nikaongeza.

Lakini nilijaribu kwanza, si kwamba nilikurupuka. Kwenye meza ya fundi, yeye akiwa ameenda kunywa chai, nilichukua kipande kifupi cha waya nikabana vichwa vyote viwili, vile vya kuchomeka, kwa mpangilio wangu: chungwa na mkewe, kijani na mkewe, buluu na mkewe, kahawia na mkewe. Kila mtu nyumbani kwake. Nikachomeka kompyuta mbili, mafaili yakapita kama maji. Nikachomeka testa, kile kidude cha kupimia chenye taa nane, taa zikawaka moja hadi nane bila kuruka hata moja. Nikasimama pale nikijiona nimerekebisha kosa la dunia nzima, na dunia haina habari.

Kwa hiyo Jumatano nikaazima waya, testa na koleo kwa fundi, koleo akalitaka lirudi jioni ileile, nikavuta waya kutoka dukani, juu ya ukuta wa jirani wa katikati, ukapita kwenye mpapai, ukaingia dirishani kwetu, nikaubana kote kuwili kwa mpangilio wa ndoa. Testa: taa nane. Jioni kaka akafungua kompyuta, ukurasa wa kwanza ukaja.

"Umeweza," akasema. Kaka kunisifia ni kitu cha kuandika ukutani.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Njoo uone."

Ukurasa ulikuwa unakuja nusu. Picha ya kujaribia ilitembea, ikasimama, ikatembea, ikafa. Taa ndogo pembeni ya kompyuta, kataa ka kijani, kakawa kanawaka na kuzima kama jicho lenye takataka.

"Ni mashine ya kukoboa," nikasema. "Inavuta umeme."

"Mashine haijawashwa. Saa hizi?"

"Basi ni kuku wamekanyaga waya."

Nikatoka mbio kwenda dukani. Mzee akaniambia kwake mtandao uko sawa, mjukuu wake amemwonyesha hata jino linalotikisika. Nikarudi. Nikachomoa, nikachomeka. Nikaenda tena dukani, nikachomoa huko. Nikarudi. Nikapanda ukuta nikaukagua waya wote kwa vidole, hatua kwa hatua, jirani ananiuliza kama nimepoteza hereni. Hakuna palipochubuka. Testa bado inasema nane, nane, nane. Ilinipa hasira kuliko kama ingesema saba. Kila nilipopita mlangoni kaka alikuwa ameongeza kitu mwilini: kwanza shati, kisha tai, halafu viatu vyeusi alivyovipaka rangi mpaka unaona dari.

"Wanaona kifua tu," nikamwambia.

"Miguu yangu itajua."

Saa tatu ikagonga. Nikapiga picha kichwa cha waya kwa simu, nikachukua baiskeli ya kaka bila kuomba, nikakanyaga hadi stendi. Fundi alikuwa anafungua kibanda.

"Taa nane zinawaka," nilianza kabla sijashuka, "lakini mtandao unakatika, waya mzima, rauta nzima, na saa nne kaka anaingia na wamesema akikatika basi."

"Shikamoo?"

"Shikamoo. Angalia hii."

Vile vichwa ni vya plastiki inayoonyesha ndani. Aliivuta picha ikawa kubwa. Akaimba polepole, kidole kikitembea juu ya kioo: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani… kidole kikakwama.

"Nani kakutuma kufungisha ndoa?"

"Kwenye meza yako ilifanya kazi!"

"Meza yangu ni hatua mbili. Hatua mbili hata maadui wanavumiliana." Akaokota kipande cha waya chini, akakichuna, akanionyesha ule msokoto. "Kompyuta haijali nani kakaa karibu na nani hapa mlangoni. Inapeleka habari kwa nafasi ya kwanza na ya pili. Inapokea kwa nafasi ya tatu na ya sita. Tatu na sita! Hao wawili lazima wawe wamesokotana njia nzima, ili kelele ya huyu imezwe na mwenzake. Wewe ya tatu umempa nyeupe-kijani, ya sita umempa buluu. Kwenye picha ya harusi umewapanga vizuri. Safarini kila mmoja kasafiri na mume wa mwenzake, wanapigiana kelele hatua zote themanini."

"Na testa?"

"Testa inauliza kama uzi umefika. Haiulizi umefika na nani."

Mwaka mzima alikuwa anajua sababu, na hakuwahi kuisema. Nilitaka kumgombeza. Hata yeye nadhani aliliona hilo, maana alinipa koleo la kubania na vichwa vitatu, akasema tu, "Viwili vya kazi, kimoja cha haraka yako. Sina kingine."

Nyumbani kaka alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono juu ya magoti. Saa tatu na dakika thelathini na tano.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua ni wewe. Tangu lini vitu vinaharibika vyenyewe humu ndani?"

"Nilipanga rangi ninavyotaka. Kuku hawakufanya kitu."

Nilingoja anitukane, ningejua cha kujibu. Aliangalia saa ya ukutani. "Unahitaji muda gani?"

"Nusu saa. Huku na dukani."

"Una dakika ishirini na tano. Anza."

Nikakata kichwa cha kwanza. Nyuzi zikitoka kwenye msokoto hazinyooki, zinataka kurudi kwa wenzao. Lazima uzipitishie kidole kama unanyoosha nywele. Nikaimba litania. Nikasukuma, nikabana, nikaangalia: kahawia hakufika mwisho. Kichwa cha haraka yangu kimeliwa. Nikakata tena. Kaka alikuwa ananong'ona majibu yake, kitu kuhusu kupima malaria kwa darubini, na mara moja alinyanyua mkono akanishikia taa ya simu, akaendelea kunong'ona. Cha pili kikakaa.

Nikaenda dukani mbio. Mashine ya kukoboa ilishawashwa, ukuta wote unatetemeka, pumba zinaruka mlangoni.

"Babu, shikilia hapa!"

"Nina mteja."

"Babu!"

Akamwambia mteja asubiri. Akaushikilia waya kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mkia wa mbuzi. Nyeupe-chungwa, chungwa. Nyeupe-kijani, buluu. Ilipofika nyeupe-buluu kidole changu kiligoma kidogo, mazoea mabaya. Kijani. Nikabana. Saa nne kasoro dakika mbili. Nikachomeka kwenye rauta kwa nguvu zote za kidato cha tatu, na kale kaulimi ka plastiki kanakoshika kichwa kisichomoke kakakatika, kakarukia kwenye gunia la maharage.

Kataa ka rauta kakawaka kijani, kametulia. Nikaachia mkono. Kichwa kikateleza nje, kataa kakazima. Nikakirudisha, kakawaka.

"Kinahitaji kushikwa," mzee akasema.

"Naona."

"Basi kishike."

Rauta ilikuwa kwenye rafu ya juu, kati ya sabuni na viberiti. Nikasimama juu ya kreti la soda, mkono umenyooka, kidole gumba kimekandamiza. Huko hatua themanini na mbili kaka alikuwa anafungua mdomo, na mimi sina namna ya kujua kama unafunga. Wateja wakaingia. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya kushindana na mashine kama ninaadhibiwa.

"Anasomesha!" mzee akapaza sauti.

Pua ikaniwasha. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, halafu wa kulia. Inzi akatua kwenye nyusi yangu akatembea hadi upande wa pili bila haraka, kana kwamba ameambiwa. Kila dakika mwili ulinipangia sababu ya kushuka: nikanywe maji, nikachungulie dirishani, nimpigie fundi. Nikaangalia kataa. Kakipepesa tu, pale, kaka anaganda. Hakakupepesa. Mzee aliniwekea kipande cha kashata mdomoni mwenyewe, maana mkono wa pili nao ulikuwa umeshikilia ule wa kwanza.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mashine ilizimwa, ikawashwa, ikazimwa tena. Halafu kaka akaingia, viatu vyake vyeusi vimejaa vumbi na pumba, tai imekaa begani.

Akanitazama pale juu. Sikushuka.

"Umemaliza, au umekatika?" nikauliza.

"Nimemaliza."

"Wamesemaje?"

"Wamesema niwapelekee vyeti halisi. Jumatatu."

"Apa."

"Shuka, wewe."

"Apa kwanza kwamba ni wao wameaga, siyo picha imeganda."

"Wameaga. Yule mama wa katikati amenipungia mkono." Akanipungia alivyopungiwa, taratibu, kama padri. "Achia."

Vidole vilikataa kufunguka. Ilibidi anifungue yeye, kimoja kimoja.