Pikipiki Iko Ndani ya Nyumba, Funguo Iko Kwangu

(Mama huyu wa Kalemie ametuomba tufiche jina lake na la binti yake. Maneno tumeyaacha namna alivyoyaandika.)

Wamama na wapapa munaosoma ukurasa huu, mimi ni mama wa miaka makumi tano na kitu, mujane, muuzaji wa ndakala, hizi samaki ndogo za ziwa. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, kwa hiyo musinihesabie makosa ya kalamu. Ninaandika na hasira.

Nina binti mumoja, nitamuita Feza. Anafanya kazi ya chanjo, anachoma watoto sindano katika vijiji vya njia ya Kabimba. Miaka yote alienda kwa miguu, kisanduku cha dawa begani, ao aliomba nafasi juu ya lori la simenti. Mwaka huu kazi yao ilipata pikipiki mupya, na moja ikawa yake. Nilicheka, kisha nikaogopa. Jirani yetu mumoja alipewa pikipiki ya zamani ya kazi hiyo hiyo bila kufundishwa. Aliangukia kwenye muteremuko, tukamuzika.

Kwa hiyo niliposikia sheria mupya ya kazi yao, kwamba hakuna muntu atapanda bila kwanza kufundishwa, nilimushukuru Mungu. Mafundisho yalikuwa kwenye uwanja wa mupira: kuzunguka mikebe, kushika freni bila kuanguka, kupanda kilima na kusimama katikati. Monitere wao, yule anayewafundisha, ni muntu mukali lakini anajua kazi. Alimutazama Feza katika kikwembe chake, kitambaa cha kujifunga kiunoni, akamurudisha. Alisema munyororo unakula kitambaa, kisha unakula muguu. Hakuna pantaloni, hakuna mafundisho.

Sikumukasirikia, alisema kweli. Nilifungua sanduku nikatoa pantaloni ya marehemu baba yake, nikaikunja chini, nikaifunga kiunoni na kamba. Feza akacheka, akasema ananuka kama papa siku ya Noeli.

Munajua vile ilivyo kwetu: mwanamuke wa Zaire havai pantaloni, sheria ya inchi imekataza. Karibu na soko vijana wa chama cha serikali, wale wanaochunga mavazi ya watu, wakamusimamisha. Alijaribu kuwaeleza juu ya mafundisho, juu ya chanjo. Mumoja wao, ambaye mimi mwenyewe nilimubeba mugongoni akiwa mutoto, mama yake anauza mihogo pembeni yangu, akamuuliza kama yeye ni mwanaume anayetafuta bibi wa kuoa. Wakatoa wembe, wakapasua pantaloni toka chini mpaka mapajani, miguu yote miwili, mbele ya watu. Na watu wakacheka. Watu ninaowapimia ndakala na kuwaongezea juu! Nilikimbia, nikavua kikwembe changu cha juu, nikamufunga. Sikosoi sheria ya inchi, mimi ni mama tu. Lakini ile njo nguo ya mwisho ya bwana yangu iliyobaki nyumbani, na wembe si sheria.

Nikaenda kwa mushonaji. Akatushonea kikwembe chenye miguu miwili mipana: ukisimama ni sketi, ukipanda ni pantaloni. Mwenyewe akaiita pantaloni yenye woga. Feza akarudi nayo uwanjani. Monitere akavuta pindo, akasema hii inafaa. Lakini mafundisho yalikuwa yamekwisha, wenzake, wanaume watupu, wamepita wote, mikebe imeokotwa. Wengine watafundishwa pikipiki zingine zikifika, na hakuna anayejua lini.

Hapo shefu wake akamuita kwenye biro, ofisi yao ya kazi. Huyu shefu njo alisoma ile sheria ya kufundishwa kwanza mbele ya wafanyakazi wote. Akamupa funguo, akamwambia: "Chukua, utajifunza njiani."

Njiani. Wamama, mumesikia? Njia ya Kabimba upande mumoja ni kilima, upande wa pili ni ziwa. Hata ndakala siwezi kumuachia muntu aanike peke yake kabla sijamuonyesha upepo unatoka wapi. Wanaume walipewa uwanja na mikebe. Mutoto wangu atazunguka malori ya simenti, yale njo mikebe yake?

Pikipiki sasa iko ndani ya nyumba, kati ya mifuko yangu, petroli na samaki vinanuka pamoja. Asubuhi moja, Feza akioga, nilichukua funguo nikaifunga kwenye ncha ya kikwembe changu, pale ninapofungaga pesa. Aliitafuta, kisha akanitazama kiunoni, akaelewa. Hakupandisha sauti.

"Mama, monitere alinirudisha juu ya kikwembe. Vijana wakanirudisha juu ya pantaloni. Wewe unanirudisha juu ya nini?"

Nikamujibu juu ya kaburi la jirani. Akaniambia kule vijijini kuna makaburi pia, madogo, ya surua, na hayo hakuna anayekuja kuyalilia kwenye biro. Akabeba kisanduku chake, akaondoka kwa miguu. Tangu siku ile tunakula sahani moja bila neno.

Nilimufuata monitere, nikamuomba amufundishe hata kidogo. Alitaka, lakini pikipiki ni ya kazi, bila ruhusa ya shefu hawezi kuigusa. Nikaenda kwa shefu. Hakunipa hata kiti. Alisema biro yake si mahali pa kuleta woga wa wamama, na pikipiki isipotoka mpaka mwisho wa mwezi ataipa mwanaume aliyefundishwa, na Feza atabaki kufagia.

Hata sasa ninavyoandika, funguo inanichoma kiunoni. Nikimupa, ninaweza kumuzika. Nikiendelea kuificha, basi mimi njo nimeokota ule wembe pale chini sokoni. Ninyi mulio na mabinti, nishaurini, nifanye nini na funguo hii, mwezi haujaisha?