Goti la Kushoto na Mpaka wa Muleba

Kilichoniondoa nyumbani Kaagya ni simu ya Projestus, mtoto wa marehemu kaka yangu. Alinipigia asubuhi nikiwa nimekaa kibarazani kama kawaida yangu, mguu wa kushoto juu ya kigoda. Alisema jirani yetu wa Muleba, Mzee Kamuhanda, amewaonyesha wanawe mpaka wa kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na wanawe wameanza kusafisha migomba upande ambao sisi tunaujua kuwa ni wetu. Ndani ya kipande hicho yamo makaburi ya baba na mama. Wazee wa kitongoji walikuwa wameshakaa kikao, wakataka jambo moja tu: aletwe mtu aliyekuwepo baba yetu alipopanda milamula.

Milamula ni ile miti ya majani marefu ambayo sisi Wahaya huipanda kuonyesha kibanja cha mtu kinaishia wapi. Baba aliipanda nikiwa na miaka kama kumi, na mimi ndiye niliyembebea miche. Kaka zangu wote wametangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na tisa, mwenye goti bovu.

Na hapo ndipo penye kazi. Kwetu, anayeonyesha mpaka hana budi kuutembea mwenyewe, mlamula hadi mlamula, mashahidi wakiwa nyuma yake. Akikaa pembeni na kunyoosha kidole, ushahidi wake hauhesabiwi. Kibanja chetu kinaanzia juu barabarani na kuteremka hadi bondeni kwenye chemchemi, na mimi wakati huo nilikuwa nakwenda chooni kwa kushika ukuta. Projestus aliwaomba wazee wasubiri mpaka kahawa ivunwe na kuanikwa. Wakakubali. Nilikuwa na miezi miwili.

Lazima niseme ukweli kuhusu miaka miwili iliyotangulia, maana najua baadhi yenu mnaosoma mnaishi hivyo hivyo. Goti lilipoanza kuuma, nilijipa mapumziko. Nyumbani waliona ni heshima kwa mtu mzima asihangaike: nikaletewa maji, nikaletewa chakula, hata stesheni ya redio nikabadilishiwa. Nikanenepa. Nikanywa vidonge vya maumivu vya duka la dawa, viwili mahali pa kimoja, mpaka tumbo likaanza kuniwaka moto. Nikapaka mafuta ya kila aina, mengine yakinuka kiasi kwamba mbuzi walinikwepa. Mtu mmoja alinichanja chale, nikapata makovu na maumivu yakabaki palepale. Kadiri nilivyopumzika ndivyo mguu ulivyolegea, na mimi nikazidi kupumzika.

Jumatatu iliyofuata, Bukoba mjini. Binti yangu Adventina, anayeishi Rwamishenye, alinifuata kwa gari la kukodi, na kesho yake akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinibonyezabonyeza goti, akanipeleka kupiga eksirei, kisha akanionyesha kwenye picha jinsi gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, lilivyolika. Aliuliza ninakunywa vidonge gani na kwa kiasi gani. Nilidanganya kwanza, halafu nikaona aibu nikasema kweli. Alivisimamisha siku ileile, akaniandikia dawa ya tumbo na jeli ya kupaka gotini.

Mimi nilitaka sindano. Nilikuwa nimesikia kwamba watu huchomwa gotini wakainuka. Alinieleza bila haraka kwamba sindano ipo na humpa mtu nafuu kwa muda, lakini hairudishi kilicholika. Upasuaji wa kuweka goti bandia nao upo, kwenye hospitali kubwa za mbali, kwa yule ambaye mengine yote yameshindikana. Akasema mimi hayo mengine sijayajaribu hata moja. Dawa yangu ya kwanza ingekuwa mazoezi, na kupunguza uzito.

Niliudhika sana. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu, na vipindi vya michezo nimevisimamia mwenyewe na filimbi mdomoni. Sikutoka Kaagya kuja kuambiwa nicheze. Adventina aliniminya mkono, tukaenda chumba cha mazoezi.

Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Editha, mwanamke mnene kidogo mwenye sauti ya mlezi wa kwaya. Kabla sijakaa aliniambia nitembee hadi dirishani na kurudi. Nikatembea na fimbo yangu.

"Goti linalouma ni lipi, Mwalimu?"

"La kushoto."

"Na fimbo umeishika mkono gani?"

"Wa kushoto. Wa kulia ni wa kusalimia watu, waitu, ndugu yangu. Nimpe mtu mzima mkono wa kushoto?"

Editha alicheka kwa adabu, akasema kila mzee anayetoka vijijini humjibu hivyohivyo. Kumbe fimbo hushikwa upande wa mguu mzima, ili uzito ugawanyike. Miaka miwili nilikuwa nalitesa goti langu kwa sababu ya adabu njema. Nikamuuliza sasa watu nitawasalimiaje. Akaniambia nikikutana na mtu nisimame kabisa, nihamishe fimbo, nimpe mkono wa kulia, kisha niirudishe. Watu wataona nimewaheshimu zaidi kwa kuwasimamia. Nikaihamishia fimbo mkono wa kulia hapohapo.

Wiki ya kwanza, Rwamishenye. Zoezi lenyewe ukilisikia utalidharau. Unakaa kwenye kiti, unanyoosha mguu mpaka uwe sawa, unahesabu hadi kumi, unaushusha. Halafu unasimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, unakaa polepole, unasimama tena. Siku ya kwanza nilisimama mara tatu, ya nne nikalia. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa kuwa nilikumbuka nilivyokuwa nikipanda vilima vya Muleba na mtungi kichwani, na sasa kiti cha jikoni kimenishinda.

Adventina hakuvumilia kuniona hivyo. Alikuwa akisogeza kiti chenye mito, akisema, "Mama, kaa basi, umechoka." Nilimwambia kwamba nikikaa, bibi na babu yake watalala katika shamba la watu wengine. Hakusogeza tena kiti.

Wiki ya tatu nilijiona nimekuwa fundi, nikazidisha maradufu kwa kiburi. Asubuhi goti limevimba. Nilikwenda kwa Editha nimenuna, nikiwa tayari kumwambia kwamba mambo yake yameniua. Alinieleza kuwa maumivu kidogo yanayotulia kufikia kesho yake si kitu, lakini uvimbe maana yake punguza, si acha. Tukapunguza. Chai nikaanza kuinywa bila sukari, na sahani ya ndizi niliyozoea kuijaza mlima nikaisawazisha. Haya niliyafanya kwa manung'uniko kila siku, wala sitajisifu hapo.

Wiki ya sita nilitembea kutoka Rwamishenye hadi sokoni Bukoba, nikipumzika njiani mara mbili. Nilisalimia watu wengi kuliko ilivyohitajika, kwa kusimama na kuhamisha fimbo kila mara. Kilichobaki ni mteremko, maana kushuka ndiko kunakoliumiza goti kuliko kupanda. Editha alinipeleka kwenye ngazi za nje za hospitali, akanifundisha: ukipanda, tanguliza mguu mzima, ukishuka, tanguliza ule mbovu, pamoja na fimbo. Nilizipanda na kuzishuka ngazi zile mpaka mlinzi akanizoea na kuanza kunihesabia.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tuliondoka Bukoba kwenda Muleba. Tulipofika Kemondo nilimwomba dereva asimame ninyooshe miguu, na Muhutwe tena. Hakulalamika, ingawa aliangalia saa. Kutoka hapo barabara ilipita katikati ya migomba na kahawa, ziwa likionekana na kupotea upande wa kushoto. Adventina alilala. Mimi nilikuwa naipanga milamula kichwani, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nikifika wa nne nasita. Miaka karibu sitini ni mingi. Itakuwaje nikifika na miguu mizima halafu kumbukumbu ndiyo inikatae?

Saa tano tulikuwa nyumbani kwa Projestus. Mkewe alitupokea na kahawa kavu ya kutafuna, akanitengea mahali pa kulala nipumzike. Nilimwambia nimepumzika miaka miwili, inatosha.

Saa tisa alasiri wazee walikusanyika kando ya barabara, mpaka unapoanzia. Mzee Kamuhanda alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya uwanja wake, mashariki ya mpaka, wanawe watatu wamesimama nyuma yake. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Alikuwa amezeeka, na mimi bila shaka aliniona hivyohivyo. Nami nililetewa kiti. Mwenyekiti wa kitongoji aliniambia kwa upole kwamba wamesikia habari za mguu wangu, hivyo naweza kukaa na kuwaelekeza vijana.

Nilimuuliza, "Nikielekeza nimekaa, itahesabiwa?"

Aliangalia chini. "Kwa kweli, Mwalimu, wanaweza kuipinga baadaye."

"Basi nitatembea."

Mlamula wa kwanza ulikuwa pale pale barabarani, hakuna aliyeubishia. Wa pili na wa tatu vilevile. Kutoka wa tatu, wana wa Kamuhanda walisema mpaka unapinda magharibi hadi mlamula mkubwa ulio juu ya makaburi. Niliwaambia ule si wa mpaka. Ule mama aliupanda peke yake, kwa ajili ya dawa za watoto. Mpaka haupindi, unateremka moja kwa moja kwenda chemchemi. Nikawaambia na hili, mbele ya wote, kabla sijasogea: chini ya kila mlamula wa mpaka baba aliweka mawe matatu, na mawe hayo niliyabeba mimi. Chini ya ule wa mama hakuna jiwe.

Kisha nikashuka. Mguu mbovu na fimbo kwanza, halafu mzima. Majani makavu ya migomba yaliteleza, na katikati ya mteremko goti lilinichoma hadi nikasimama nikihema. Projestus alinyoosha mkono anishike. Nilikataa, si kwa ubishi, bali niliogopa mtu asije akasema nilielekezwa. Nilivuta pumzi nikaendelea.

Chini kabisa, mahali pa mlamula wa nne, hapakuwa na mlamula. Palikuwa na vichaka tu. Lakini nilikumbuka kwamba baba alisimama hapo akainua mkono na kusema kutoka hapa unauona mlango wa nyumba. Nikasogea hatua tano kulia, nikageuka, nikauona mlango. Miguuni kwangu palikuwa na kisiki cha zamani kilichokatwa, kimechipua vijimajani viwili.

"Chimbeni," nikasema.

Walichimba wakatoa mawe matatu. Wakaenda kuchimba na chini ya mlamula wa mama, wakakuta udongo mtupu. Wanawake wakapiga vigelegele mle migombani, na mimi nikapanda mlima ule kwa miguu yangu, mguu mzima ukitangulia, hadi kwenye makaburi ya wazazi wangu. Nilisimama hapo nikashangilia kwa sauti. Sikuona haya hata kidogo.

Mzee Kamuhanda aliletewa habari kitini kwake. Nilijiandaa kwa maneno makali, nilikuwa nayo tayari tangu Kaagya. Alinitazama kwanza, akauliza kama ni kweli nimeshuka hadi chini. Nikamwambia ndiyo.

"Magoti yangu hayajafika huko miaka mitatu," alisema. "Wanangu niliwaambia fuateni mlamula wa nne, nikawanyooshea kidole nikiwa hapa. Ukikaa hapa, unaoonekana ni ule mmoja tu, wa mama yako. Tusamehe, Mwalimu."

Maneno yangu makali sikuyaona tena yalikokwenda. Mzee huyu hakuwa mwizi. Alikuwa kama mimi, mtu aliyeheshimiwa mpaka akakalishwa. Wanawe walimwomba Projestus radhi, mwenyekiti akaandika, mashahidi wakatia saini.

Jumapili baada ya misa, kabla ya kuondoka, nilipita kwake. Nilimwambia asinywe vidonge ovyo, aende Bukoba apimwe, kwa kuwa si kila goti ni goti langu. Wakati akisubiri siku ya kwenda, nilimwonyesha kunyoosha mguu akiwa kitini. Alifanya mara nne, akasema nimekuja kumwadhibu kwa ajili ya mpaka. Nikamjibu kwamba ningetaka kumwadhibu ningemwachia kiti.

Jumatatu jioni nilikuwa Kaagya. Mnaoniuliza kama nimepona, jibu ni hapana. Gegedu lililolika limelika, siku za baridi goti huniamsha mapema, na pengine ipo siku nitahitaji sindano, au kisu. Lakini misuli ya paja nimeirudisha mwenyewe, kilo kadhaa zimekwenda zao, na vidonge nakunywa kwa ruhusa tu. Nilichojifunza ni kwamba pumziko lilikuwa linanilemaza huku nikilishukuru. Nyumbani nimewakataza kuniletea maji.

Miezi mitatu baadaye Projestus alinieleza kwamba Mzee Kamuhanda, baada ya kwenda na kurudi Bukoba mara kadhaa, aliwaita wanawe asubuhi moja, akateremka nao polepole hadi kwenye kile kisiki na kuwaonyesha mpaka upya kwa miguu yake mwenyewe. Ilimchukua karibu asubuhi nzima, na njia nzima alikataa kushikwa. Sasa mpaka ule una mashahidi wawili walio hai, mmoja kila upande, na sote wawili tunaweza kuufikia.